Vani kubwa ya mizigo na abiria: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wanaotaka vani huanza kwa kuuliza "inaingiza vitu vingapi?" Swali hilo lina haki yake, lakini si la kwanza. La kwanza ni "inabeba kilo ngapi?" Majibu mengi hapa chini yanazunguka hapo hapo, kwa sababu ndipo nilipoona watu wakiumia, na mimi nikiwemo.

Vani kubwa ni ipi hasa? Mpaka wake uko wapi?

Hakuna mpaka mmoja wa dunia nzima. Marekani, vani kubwa ni magari kama Chevrolet Express na ndugu yake GMC Savana, yaliyoanza kuuzwa kama modeli za 1996, au Ford Transit, Ram ProMaster na Mercedes-Benz Sprinter. Ulaya kuna Transit na Sprinter hizo hizo, pamoja na Fiat Ducato, Renault Master na jamaa zao. Ducato ndiyo mama wa ProMaster. Bodi ni ileile, nembo na injini ndizo zilizobadilishwa. Japani kuna Toyota HiAce na Nissan Caravan, ambazo kwa mizani ya Marekani ni za wastani, ingawa hufanya kazi ya vani kubwa kila siku.

Kinachoziunganisha ni umbo: sanduku moja refu lenye paa kuanzia kichwa cha dereva hadi mlango wa nyuma, na uzito wa jumla unaoruhusiwa ulio karibu na tani 3 hadi 5. Chini ya hapo ni vani ndogo. Juu ya hapo umeshaingia kwenye malori.

Transit yenyewe ni ya siku nyingi, ilianza Uingereza mwaka 1965. Marekani ilifika kama modeli ya 2015, ikachukua nafasi ya vani za E-Series zilizokuwa zimeanza kama Econoline mwaka 1961. HiAce ni ya 1967. Sprinter ni mtoto wa juzi kwa kulinganisha, 1995.

Kwa nini nyingine zina nafasi 9, nyingine 10, nyingine 15? Zinalingana ukubwa!

Kwa sababu ya leseni, siyo kwa sababu ya bodi. Katika Umoja wa Ulaya leseni ya kawaida ya gari dogo inaruhusu abiria 8 na dereva, basi viwanda vinatengeneza vani za watu 9. Ukitaka zaidi unahitaji daraja la D1, linalofika abiria 16 na dereva. Marekani leseni ya kibiashara ya shirikisho inaanza kudaiwa gari likiwa limeundwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akihesabiwa. Ndiyo maana kule vani ya watu 15 ni maarufu mno: imesimama hatua moja kabla ya mstari. Japani, HiAce Wagon ni ya watu 10 kwa sababu hiyo hiyo, na anayetaka zaidi anachukua Commuter ya watu 14.

Vipimo navyo vina siri kama hiyo. HiAce ya bodi nyembamba ina urefu wa mm 4,695 na upana wa mm 1,695. Ukijiuliza kwa nini wasimalizie hizo milimita tano, jibu ni kwamba kundi la magari madogo ya mizigo Japani linakomea mita 4.7 kwa urefu na mita 1.7 kwa upana. Gari limekatwa kama nguo, kwa kipimo cha sheria.

Hivyo kabla ya kuhesabu siti, soma leseni yako kwanza.

Herufi na namba zilizo nyuma ya gari zina maana gani?

Inategemea nembo. Kwenye Sprinter, namba ya kwanza ni uzito wa jumla kwa tani, kwa kukadiria, na mbili za mwisho ukizizidisha kwa 10 unapata hospawa. Kwa hiyo 316 ni ya takriban tani 3.5 na hospawa 160 hivi. 519 ni tani 5 na hospawa 190. Transit ya Ulaya iliyoandikwa 350 ina uzito wa jumla wa kilo 3,500. Lakini usihamishe hesabu hiyo kwenye Transit ya Marekani. Kule 150, 250 na 350 ni madaraja ya kimapokeo, si kilo.

L na H ni rahisi: L ni urefu wa gari, H ni kimo cha paa, na namba ikipanda ukubwa unapanda. L2H2 ni ya katikati. Kila kiwanda kina L yake, kwa hiyo L3 ya huyu si lazima ilingane na L3 ya yule.

Sawa, sasa niambie: inabeba kilo ngapi?

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango, pale unapojifungia. Kuna kibandiko au kibati. Humo mna namba tatu za kutafuta: uzito wa jumla unaoruhusiwa, uzito wa juu kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele, na uzito wa juu kwenye ekseli ya nyuma. Chukua uzito wa jumla, toa uzito wa gari likiwa tupu, kilichobaki ndicho chako.

Ila "tupu" ni neno lenye ujanja. Kwa utaratibu wa Ulaya, uzito wa gari tayari kwa safari unahesabiwa pamoja na mafuta ya karibu tenki zima na dereva wa kilo 75. Sehemu nyingine dereva hahesabiwi. Na tena hesabu hiyo ni ya gari lilivyotoka kiwandani. Rafu ulizofunga baadaye, keria ya juu, plaiwudi uliyotandika sakafuni, kizigeu cha chuma (ukuta kati ya dereva na mzigo), tairi la akiba la ziada, kisanduku cha spana kinachopima kama mtoto wa miaka kumi: vyote vinakula kwenye fungu lako.

Tuseme gari lina uzito wa jumla wa kilo 3,500 na tupu lina 2,300. Umebaki na 1,200. Rafu na plaiwudi, 150. Msaidizi wako, 80. Spana na kamba, 70. Umebaki na 900, na bado hujapakia kitu hata kimoja cha mteja. Saruji ya kilo 50 ni mifuko 18 tu. Ukiipanga sakafuni haipandi hata kufika magotini, na ukitazama juu unaona mita za ujazo kumi za hewa tupu. Hapo ndipo watu wanapoongeza.

Mimi niliongeza. Nilikodi vani iliyoonekana mpya, nikapakia maboksi 40 ya vigae vya sakafu, kila moja kilo 28 hivi. Sikupiga hesabu, niliangalia kwa macho, nikaona mzigo haujafika goti, nikafunga mlango. Mwendo wa kwanza tu nilihisi usukani umekuwa mwepesi kama wa baiskeli. Kwenye kona gari lilikwenda lilikotaka, mimi nikawa ninalisihi. Nilipunguza, nikasimama pembeni, nikashuka kutazama: bampa la nyuma limekaribia lami, taa za mbele zinamulika vilele vya miti. Nilirudi nikashusha nusu. Baadaye ndipo nilipozidisha 40 kwa 28 nikapata 1,120, halafu nikasoma kibandiko.

Kama kuna mzani wa magari karibu nawe, pitisha gari likiwa tupu mara moja tu, na rafu zake zote na tenki limejaa. Namba hiyo iandike kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya mlango. Itakufaa kuliko karatasi yoyote ya mauzo.

Kama sijazidisha jumla, nitapata shida?

Unaweza. Ekseli ya nyuma inaweza kuzidiwa hata kama jumla iko sawa.

Vani nyingi zina mkia mrefu nyuma ya tairi za nyuma. Kitu ukikiweka huko kinafanya kazi kama pembea. Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli mbili. Weka mashine ya kilo 500 sentimeta 80 nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli ya nyuma haibebi 500, inabeba kama 633, na ile 133 ya ziada imeinuliwa kutoka kwenye tairi za mbele, zile zinazokuongozea gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ndicho kilichonipata na vigae.

Kizito kiende mbele, kiegemee kizigeu, kikae chini. Chepesi kijaze mkia. Kuna kishawishi cha kupakia kinyume, kwa sababu mlango wa nyuma ndio ulio wazi na mgongo unauma. Tumia mlango wa pembeni kwa vile vizito, ndiyo sababu upo.

Halafu funga. Pete za sakafuni si mapambo. Breki ya ghafla haisimamishi boksi, inasimamisha gari tu, boksi linaendelea na safari.

Mita za ujazo je? Zinalinganishwaje?

Tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Express fupi ina kama mita za ujazo 6.8, na ile ndefu 8 hivi. Transit ya Marekani ndefu kabisa yenye paa la juu inafika 13.8. Ducato kubwa kuliko zote inafika 17. Zote zinaitwa vani kubwa.

Lakini mita za ujazo ni namba ya tangazo. Anayebeba vitu halisi anahitaji vipimo vitatu ambavyo tangazo huvificha chini: upana kati ya nundu za tairi za nyuma (yale mabati yanayovimba ndani juu ya tairi), upana na kimo cha tundu la mlango (si cha ndani, cha tundu!), na urefu wa sakafu kuanzia kizigeu hadi mlango uliofungwa. Beba futi kamba. Plaiwudi ya kawaida ina sm 122 kwa 244. Paleti ya Ulaya, lile jukwaa la mbao la kupangia mizigo, ina sm 120 kwa 80. Vani kubwa nyingi zina kati ya sm 130 na 142 kati ya nundu, basi plaiwudi inalala bapa. Bodi nyembamba hazitoi nafasi hiyo. Plaiwudi itasimama ubavu au itapanda juu ya nundu, na kuanzia hapo kila kitu juu yake kinayumba.

Friji refu huingia ndani vizuri na kukwama mlangoni. Nimeona watu wanne wakilizungusha friji kwa nusu saa kwa sababu tundu la mlango lilikuwa fupi kuliko dari kwa upana wa viganja viwili.

Paa la juu au la chini?

Kwenye Transit ya Marekani kimo cha ndani ni takriban sm 144 kwa paa la chini, 183 kwa la kati na 207 kwa la juu. Kama kazi yako ni kuingia na kutoka ndani ya gari mara hamsini kwa siku, kimo cha kusimama wima si anasa, ni mgongo wako. Kama unapakia mara moja asubuhi na kushusha jioni, chukua la chini: upepo wa ubavuni hautakusumbua, mafuta yatapungua kidogo, na utaingia maegesho ya chini ya majengo.

Paa la juu lina kosa moja la aibu, nalo ni kusahau. Pima kimo cha gari lako pamoja na keria na antena, kiandike kwenye karatasi uibandike kwenye kivuli cha jua cha dereva. Dereva mgeni atakushukuru.

Naweza kununua vani ya mizigo, ni rahisi zaidi, kisha nifunge siti za abiria?

Swali hili huulizwa kuliko yote, kwa kawaida na mtu ambaye ameshampata fundi wa kuchomelea.

Kwa nje zinafanana. Ndani ni magari mawili. Vani ya abiria inatoka kiwandani ikiwa na sehemu za kufungia siti zilizoshikwa kwenye muundo wa sakafu, na mikanda ambayo imepimwa pamoja na siti hizo kwa nguvu ya ajali. Ina vioo vya usalama, njia za kutokea dharura, springi laini kidogo, viyoyozi viwili, na mara nyingi mifuko ya hewa inayoshuka kutoka darini ubavuni. Vani ya mizigo ina bati tupu, mbavu za bodi zilizo wazi, na springi ngumu zinazotegemea uzito ili zitulie. Mpandishe mtu humo bila mzigo utaona anavyorushwa.

Bati la sakafu lenyewe ni jembamba. Boliti iliyopita kwenye bati peke yake, hata ikiwa nene kama kidole, haishiki siti; linaloishika siti ni bati. Breki kubwa ikija, watu watatu kwenye benchi moja wanavuta kwa nguvu ya tani kadhaa, bati linachanika kuizunguka ile boliti kama karatasi kwenye pini, na benchi zima linamfuata aliyekaa mbele. Siti ikishang'oka, mkanda uliofungwa kwenye siti hiyo hauna maana tena.

Kubadilisha kunawezekana. Kuna makampuni yanayofanya hivyo kwa reli na siti zilizopimwa pamoja, na gari linakaguliwa na kuandikishwa upya kama la abiria. Kinachosumbua ni kwamba ukimaliza kulipia reli, siti, mikanda, vioo, kiyoyozi cha nyuma na ukaguzi, umeshalipa gharama ya vani ya abiria, na bado una gari lenye springi za mizigo. Ushauri wangu ni mfupi: ukitaka kubeba watu nunua iliyozaliwa kubeba watu. Ukitaka vyote viwili, tafuta ile ya kiwandani yenye safu mbili za siti na nafasi ya mizigo nyuma ya kizigeu.

Kwenda upande wa pili, kutoa siti kwenye ya abiria ili ubebe mizigo, hakuna hatari ileile. Utakosa pete za kufungia na vioo vitapasuka, basi.

Ni kweli vani za watu 15 zinapinduka kirahisi?

Zikiwa zimejaa, ndiyo, na si uvumi. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilitoa onyo kwamba vani hizo zikiwa na watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali za gari moja kilikuwa karibu mara tatu ya zikiwa na watu wachache.

Sababu ni ile ile ya vigae, safari hii kwa watu. Abiria wanakaa juu kuliko mizigo ya sakafuni, kwa hiyo kitovu cha uzito kinapanda. Na safu ya mwisho iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kitovu hicho pia kinarudi nyuma. Gari likitoka kidogo nje ya lami na dereva akapiga usukani kurudi, mkia unataka kumpita. Watu 15 wa kilo 75 ni kilo 1,125. Kila mmoja akiwa na begi la kilo 10 umefika 1,275. Fananisha na hesabu ya juu.

Mfumo wa kudhibiti uthabiti umesaidia sana. Unahisi gari linapoanza kuteleza na unashika breki ya gurudumu moja moja kulirudisha. Marekani umekuwa wa lazima kwa magari mapya ya uzito huu kuanzia modeli za 2012, isipokuwa yale yanayozidi kilo 4,536. Kama unanunua ya zamani ya abiria, washa swichi bila kuwasha injini na utafute taa ya gari lenye alama za kuteleza kwenye dashibodi. Isipowaka kabisa, ama mfumo haumo ama kuna mtu kaichomoa balbu, na yote mawili ni habari unazotaka kuzijua kabla ya kulipa.

Abiria wakiwa wachache, wajaze siti za mbele kwanza. Juu ya paa usiweke kitu.

Magurudumu yanayoendesha: ya mbele au ya nyuma?

Ducato, ProMaster na jamaa zao zinavutwa na mbele. Hakuna propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu ya injini nyuma) wala difu chini, basi sakafu inakuwa chini sana. Ya ProMaster iko kama sm 53 kutoka ardhini. Mtu anayebeba mapipa au kusukuma kiti cha magurudumu ataipenda siku ya kwanza. Shida inakuja ukipanda mlima wenye vumbi au tope ukiwa na mzigo mzito nyuma: uzito umehamia nyuma, tairi zinazovuta ziko mbele zimekuwa nyepesi, zinazunguka bure.

Express inasukumwa na nyuma, na HiAce na Sprinter nyingi hivyo hivyo. Uzito wa mzigo unakaa juu ya tairi zinazosukuma, jambo zuri. Likiwa tupu kwenye barabara ya utelezi, mkia unacheza. Transit na Sprinter hupatikana pia zikiendeshwa na magurudumu yote manne, kwa anayehitaji kweli. Wengi hawahitaji, wanahitaji tairi nzuri.

Injini chini ya siti au mbele?

HiAce ya kizazi cha 2004 ina injini chini ya siti za mbele. Faida yake ni pua fupi na sakafu ndefu kwa gari fupi, unageuza pasipogeuzika. Hasara ni joto chini ya makalio na fundi anayelazimika kuinua siti kila akitaka kugusa kitu. Na magoti ya dereva ndiyo ya kwanza kufika kwenye ajali. Kizazi cha 2019 kilipewa pua, injini ikaenda mbele, gari likawa refu: toleo lake refu ni mita 5.9 na zaidi.

Petroli, dizeli au umeme?

Express ya petroli ina V6 ya lita 4.3 au V8 ya lita 6.6. Zina nguvu na mafundi wanazijua, ila kiu yake si ya mchezo. Dizeli inavuta toka chini na kunywa kidogo, ndiyo sababu imetawala nje ya Marekani. Lakini dizeli za kisasa zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo linahitaji safari ndefu yenye joto ili lichome masizi yake. Gari linalosimama kila mita mia mbili, siku nzima, wiki nzima, litaziba. Nyingi zinahitaji pia maji ya urea, maarufu kama AdBlue, kwenye tenki lake lenyewe. Ukiyamimina kwenye tenki la dizeli, usiwashe. Ita fundi gari likiwa limezimwa.

Umeme una hesabu tofauti. Chukua E-Transit ya kwanza, yaani Transit ya umeme, yenye betri ya kWh 68 zinazotumika: kwa kipimo cha Ulaya iliandikwa hadi km 317, kwa kipimo cha Marekani kama km 203 kwa paa la chini. Betri ni ileile, njia ya kupima ndiyo iliyotofautiana. Amini ile ndogo, kisha ipunguze tena kwa ajili ya mzigo, baridi au kiyoyozi. Kwa njia fupi zinazojulikana, gari likilala sehemu moja yenye chaji kila usiku, sioni sababu ya kuchoma mafuta.

Tairi za gari dogo zikitosha rimu, naweza kuzitumia?

Hapana. Tafuta herufi C baada ya kipimo, kama 195R15C 106/104. Hizo namba mbili za mwisho ni uwezo wa kubeba: 106 ni kilo 950 kwa tairi moja likiwa peke yake, 104 ni kilo 900 likiwa pacha na jingine. Upepo wake ni mwingi kuliko wa gari dogo; soma kibandiko, upime tairi zikiwa baridi. Angalia na umri. Ubavuni, mwisho wa mlolongo wa herufi unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la akiba la vani mara nyingi ndilo lenye umri wa babu.

Milango ya nyuma: ya kufunguka pembeni au ya kuinuka?

Ya kuinuka inakukinga na mvua na inahitaji nafasi kubwa nyuma. Ya pembeni inayofunguka nyuzi 270 hadi kugusa ubavu ndiyo yangu; unarudi nyuma hadi kwenye jukwaa la kupakilia ikiwa tayari wazi. Kwa foklifti hakuna mjadala, ni ya pembeni.

Kiyoyozi cha mbele hakitoshi abiria wa nyuma?

Hakitoshi.

Inavuta tela?

Nyingi zinavuta, ila kuna namba ya nne ya kusoma: uzito wa gari na tela kwa pamoja. Vani iliyojaa mara nyingi haina ruhusa ya kuvuta tela lililojaa. Na uzito unaokaa kwenye ndoano unahesabiwa kama mzigo ndani ya gari, tena nyuma kabisa ya ekseli.

Ninunue iliyotumika. Nianzie wapi?

Anza na mlango wa kuteleza. Ufungue na kuufunga mara kumi, polepole, halafu pitisha kidole kwenye reli ya chini. Vigurudumu vyake vikiwa vimelika, mlango unashuka na kukwaruza, na gari lililofanya kazi ya usambazaji limeufungua mara nyingi kuliko linavyoonyesha kwenye kilomita.

Lala chini utazame springi za nyuma. Zile za vyuma bapa zinatakiwa kuwa na upinde likiwa tupu. Zikiwa zimenyooka au zimejikunja kwenda upande wa pili, limebebeshwa. Kwenye gari refu linalosukumwa na nyuma, propela ina vipande viwili na beringi ya katikati. Mtetemo unaokuja ukiondoka na kupotea ukikolea mwendo mara nyingi ni hapo.

Kama ni ya abiria, inua zulia. Tafuta matundu ya boliti yasiyolingana, bati jipya juu ya la zamani, rangi iliyopuliziwa sakafuni mahali ambapo hakuna mtu angepaka rangi bila sababu. Kama ni ya mizigo, pima nafasi kati ya nundu tena, kwa futi yako mwenyewe. Muuzaji atakuambia plaiwudi inaingia. Mwambie mlete moja mjaribu.